Kijiti cha Juu ya Paa

Juzi ndugu yangu mdogo alitualika Silibwet kufungua nyumba yake mpya. Nyumba ya mawe, ya ghorofa, yenye madirisha mapana kuliko milango ya kwetu ya zamani. Walikodiwa watu wa kupika, wakaja na sufuria zao na aproni zao, wakatupanga foleni, kila mtu kipande chake cha kuku na glasi ya divai ya chupa. Nilikunywa, nisikufiche, na nikaongezewa. Lakini nilipoingia tu langoni, kabla sijamsalimia mtu, niliinua macho nikatazama paa. Mke wa ndugu yangu akauliza kama nimeona pahali panavuja. Nikamwambia hapana, mama, paa lako ni zuri. Ningeanza wapi kumweleza katikati ya foleni ya kuku?

Wewe nitakueleza, maana tuna wakati.

Nyumba zetu zamani zile zilikuwa za mviringo, za udongo na nyasi, na juu kabisa, pale nyasi zinapokutana, palichomoza kijiti kilichochongwa, kimesimama wima. Kijiti hicho kilikuwa cha mwanamume wa nyumba. Kikiwa juu, mwenyewe yu hai, hata kama yuko malishoni, hata kama yuko Kericho kwenye mashamba ya mzungu, hata kama amelewa amelala njiani. Akifa, wazee wanakiondoa. Kwa hiyo mgeni hakuwa na haja ya kuuliza mtu. Alitazama paa akiwa bado mbali, akajua aingie na salamu gani.

Paa la nyanya yangu, kogo kama tulivyomwita, lilikuwa na kijiti, na mimi sikuwahi kumwona babu.

Babu alichukuliwa vita vya Waingereza, vile vya Burma, baba yangu akiwa bado mtoto mdogo. Wenzake walirudi na makoti mazito na hadithi za uongo. Yeye hakurudi, wala habari yake haikurudi. Hakuna aliyekuja kusema amekufa, hakuna aliyesema alimwona akianguka. Basi nyanya akasema mtu asiyeletwa habari yake ni msafiri, na kijiti kikabaki juu. Kiti cha babu, kile kigoda cha miguu mitatu, kilikuwa upande wa moto, na nyanya alikipaka siagi mpaka kikang'aa. Hakuna aliyekikalia. Mbwa akibweka mchana bila sababu, nyanya angesema, "Nyamaza wewe, pengine ni mwenyewe," kisha angesimama mlangoni kidogo akitazama njia. Sisi watoto tulimwogopa babu kuliko chui. Chui angalau ungemwona.

Sasa usidhani nyanya alikuwa mtu wa huzuni. Thubutu! Alikuwa mcheshi, mwenye mdomo, na aliyependa matembezi kuliko watu wote wa kilima kile. Na matembezi yake yalikuwa ya aina moja tu: kwenda kutazama watu wakijenga. Akisikia fulani anajenga, Jumamosi asubuhi amejifunga shuka, ameshika fimbo, mimi nyuma yake na kapu. Tulikwenda mpaka karibu na Kabianga kwa miguu, na jirani alimtania kwamba yeye ndiye inspekta wa serikali. Kiwanda cha majani chai kilipojengwa ng'ambo ya mto tulikaa kwenye ukingo tukitafuna mahindi ya kuchoma, tukiangalia bomba la moshi likipanda tofali juu ya tofali. Wajenzi wengi walikuwa wageni kutoka magharibi, na nyanya alimsimamisha kila mmoja aliyekuwa na mvi. Umetoka wapi? Umepita wapi? Umefanya kazi na nani huko?

Lakini raha yenyewe ilikuwa nyumba za watu wa kawaida, zilizojengwa na kijiji kizima kwa siku moja au mbili. Wanaume walichimba mashimo, wakasimamisha nguzo, wakafunga fito. Wanawake walichanganya udongo na mavi ya ng'ombe, nasi watoto tukaingizwa mle tukanyage, matope yakipenya katikati ya vidole, baridi tamu. Nyasi za kuezeka zililetwa kutoka upande wa Chebunyo, na pamoja na nyasi ilikuja asali ya huko, nyeusi, yenye harufu ya moshi. Mwenye nyumba alilipa kwa tumbo. Ugali wa wimbi, mboga ya saga iliyolazwa na maziwa mpaka uchungu ukaisha, nyama ya kuchoma, na mursik, maziwa yetu ya kuganda, iliyomiminwa kutoka kwenye kibuyu ikiwa na madoa ya mkaa. Kisha chungu cha pombe kiliwekwa katikati na wazee wakakizunguka, kila mmoja na mrija wake mrefu, wakivuta polepole huku wakizungumza. Pembeni palikuwa na pombe ya asali, kidogo, ya wakubwa. Nyanya alipewa kikombe kila mahali, na kila mahali alisema ya jana ilikuwa bora, wenyeji wakacheka wakamwongeza.

Jambo moja tu lilikuwa likinishangaza. Wanawake wenzake walikaa jikoni, kwenye joto na maneno. Yeye hakukaa nao. Alijitafutia pahali karibu na ule mduara wa wazee, akaketi na kikombe chake, akawatazama mmoja mmoja wakivuta mrija. Akiona sura asiyoijua alimnong'oneza mwenyeji: "Yule wa kofia ni wa wapi?" Nilifikiri ni udaku wa uzee.

Ndugu yangu huyu wa Silibwet alizaliwa wakati wa mvua nyingi, miaka ya mwanzo baada ya uhuru. Kwetu mtoto akizaliwa, akina mama humzunguka wakiita majina ya waliokufa wa ukoo huo, mmoja baada ya mwingine, na mtoto huwekewa chembe ya ugoro puani. Jina ambalo litamfanya apige chafya, huyo ndiye mzee aliyerudi ndani yake. Baba alikuwa mtu wa kanisa na alijifanya ameenda kutazama ng'ombe. Sisi watoto tulijibanza mlangoni. Waliita, wakaita. Waliita baba ya babu, waliita wajomba, waliita mpaka wale ambao hakuna aliyewakumbuka sura. Mtoto katulia, macho wazi, anawasikiliza. Ndipo dada ya babu, mama mmoja mnene aliyekuwa amechoka na magoti yanamuuma, akataja jina la babu mwenyewe.

Mtoto akapiga chafya. Akapiga tena.

Hakuna aliyeshangilia, na kwa desturi hapo ndipo watu hupiga vigelegele. Nilimwona nyanya akisimama.

"Ni ugoro huo," alisema. "Hata ng'ombe ukimwekea atapiga chafya. Endeleeni."

"Mama, wacha," dada ya babu akamjibu, na alikuwa tayari analia. "Ni ndugu yangu. Mimi pia nimengoja. Aliye hai hawezi kurudi kwa mtoto. Nyoa nywele kama mjane, tulie sisi wote, tumalize."

"Nyoa zako," nyanya akasema, akatoka nje kwenye mvua.

Mtoto hakuitwa jina lile. Mama aliogopa. Tulimwita tu kwa jina la ubatizo, na nyanya hakumpakata kwa muda mrefu. Alimpita kama mtu anavyompita mgeni ambaye hajakaribishwa.

Mambo yangekaa hivyo, lakini mchwa walikuwa wamekula nguzo ya katikati ya nyumba ya nyanya, na nyumba ikaanza kuinama. Baba, ambaye majani chai yake yalikuwa yameanza kuleta kitu, akasema atamjengea ya pembe nne, ya mabati. Nyanya alimcheka mbele ya watu. "Unataka kunilaza ndani ya debe? Hapa kunanyesha kila siku saa nane. Mtu akibisha mlango nitamsikiaje?" Alitaka nyumba yake ile ile, ya nyasi, ya mviringo.

Basi siku ikapangwa. Mashimo yamechimbwa, nyasi zimefika, nyama imeiva, chungu kimewekwa. Hapo mzee wa ukoo akaweka mrija wake chini na kuuliza lile ambalo kila mtu alikuwa amelikwepa tangu asubuhi: juu tunaweka nini? Kuweka kijiti cha mtu ambaye jina lake limeshapata chafya, alisema, ni kumchezea marehemu, na yeye hapandi paani. Kijana mmoja akasema basi tuezeke bila kijiti. Nyanya akamwangalia yule kijana mpaka akainamisha kichwa. Kuezeka bila kijiti kulikuwa kumzika babu pale pale, kwa mikono ya majirani, na ugali ukiwa mdomoni. Nilisikia mafuta ya nyama yakidondokea moto. Baba alisimama katikati ya uwanja, mwana wa msafiri yule, akitazama nguzo.

Nyanya akaongea akitazama chini. "Leta hayo mabati yako."

Watu walicheka kwa kufurahi, wakampigia makofi, wakasema mama amekuwa wa kisasa. Walishukuru tu. Mabati hayana kijiti, si cha aliye hai, si cha aliyekufa. Chini ya mabati hakuna anayejua ya mtu. Nilimwona baba akimshika mkono, naye akiuvuta polepole.

Aliweka sharti moja: nyumba ya zamani isiguswe. Ikabaki kando ya ile mpya, imeinama, kijiti chake juu. Na kila siku mvua ilipoanza kugonga mabati hata usiweze kusikia mtu aliye karibu nawe, nyanya alijifunika gunia kichwani, akavuka ua, akaingia nyumba ya zamani na kukaa mle gizani mpaka ikapita. Tulimkataza. Mama alimwomba. Alisema kule anasikia vizuri.

Hiyo siku ninayokuambia, mama alikuwa shambani akichuma majani, nami nilikuwa nikisaga wimbi. Ndugu yangu, sasa anatembea, alimwendea nyanya mwenyewe, akapanda mapajani mwake, akalala. Mvua ikaja. Nyanya akajaribu kumtua, mtoto akalia. Akamtua tena, mtoto akamshika shuka kwa mikono miwili kwa nguvu ambayo mtoto hana. "We mtoto, niache niende!" Nilitaka kumchukua mimi, akanipiga teke. Mwishowe nyanya aliketi, amekasirika, akitazama mlango.

Hatukusikia nyumba ikianguka. Mabati yalikuwa yakipiga kelele mno. Tuliona tu, kupitia mlangoni, paa lote likikaa chini taratibu, na vumbi jeusi la moshi wa miaka mingi likitoka katikati ya mvua. Kijiti kilikuwa kwenye matope.

Nyanya alimtazama yule mtoto mapajani kwa muda mrefu sana, sura yake yote, sikio, kidole, kama mtu anayetafuta kovu analolijua. Kisha akamwita kwa lile jina, kwa sauti ndogo, na mtoto usingizini akaitika. Naapa aliitika.

Mvua ilipokwisha alinituma kwa dada ya babu na wembe. Walikaa uani wawili hao, mmoja ananyoa, mwingine ananyolewa, wakilia kwa sauti kubwa mpaka jirani wakaja mbio. Nywele zilikuwa nyeupe, nyingi, zilianguka kwenye majani na kuku wakazikimbia.

Hakuna tena nyumba ya nyasi kwenye kilima kile. Hakuna chungu, hakuna mirija, na wale wazee wote wameondoka, nami siku hizi naingia kwa watu nikiuliza hali ya baba yao kumbe wamemzika mwezi jana. Hayo nimeyazoea. Kinachonirudia, hata nikiwa sokoni, hata nikiwa kanisani, ni Jumamosi iliyofuata. Nilisikia kuna watu wanaezeka upande wa mto, nikachukua kapu, nikampelekea nyanya fimbo yake mlangoni. Alikuwa na upara unaong'aa, na mtoto mgongoni. Nikamwambia twende, kogo, wamechinja.

"Enda wewe ukule," akaniambia. "Mimi sasa nikaangalie nani huko?"