Muhuri wa Kata na Sufuria ya Ghorofa ya Tano

Siku yangu ya kwanza kazini Diwani alinikabidhi vitu viwili: muhuri wa mpira na ramani ya kata. Kata, au wadi kama wengi tunavyosema hapa Durban, ni kipande cha jiji kinachochagua diwani mmoja akakisemee barazani. Yetu ilianzia kwenye nyumba za zamani za Glenwood ikateremka mpaka maghorofa ya Umbilo. Mimi nilikuwa karani. Madiwani huja na kuondoka na uchaguzi. Karani hubaki na muhuri.

Kazi yangu kubwa ilikuwa barua ya makazi. Msiidharau karatasi hii, vijana wangu. Mpangaji wa chumba hana bili ya maji yenye jina lake, kwa hiyo diwani ndiye humshuhudia kwamba anaishi pale. Bila barua hiyo, shule ya mtaani haimwandikishi mtoto.

Diwani wa kwanza, mwalimu mstaafu mwenye magoti mabovu, alinifundisha kuiandika. "Salim, usigonge muhuri ukiwa umekaa. Panda ngazi ukaone sufuria." Mtu anaweza kuazima kitanda, alisema, lakini muulize jana alipika nini, kisha funua. Nikapanda ngazi za kata nzima. Nimefunua sombe la majani ya muhogo, maharage, uphuthu, ule ugali mkavu wa Wazulu, na bamia, na mara nyingi niliondoka nimeshiba.

Diwani wa pili alitaka pia kiapo kilichoandikwa polisi. Ilikuwa usumbufu, ila ngazi aliniachia.

Kisha mipaka ikachorwa upya, na hapo ndipo hasira yangu inapoanzia. Nawaeleza polepole, maana wengi hawalijui jambo hili. Mstari wa kata huchorwa kwa kuhesabu walioandikishwa kupiga kura. Mkimbizi haandikishwi. Kwa hiyo ghorofa lililojaa familia kutoka Bujumbura na Bukavu, kwa mchoraji, ni kama halina watu. Mstari mpya ulipita katikati ya barabara yetu, ukafika kwenye jengo la kona na kulikata kama mkate.

Diwani wa tatu alikuwa kijana aliyekuja kila siku kwa gari kutoka Westville. Alitandaza ramani mpya mezani kwangu. "Mzee, mambo ya ngazi yamekwisha. Jengo la kona si letu tena."

"Mlango wake uko upande wetu, Mheshimiwa."

"Wanapiga kura?"

"Wengi hawaruhusiwi."

"Sasa unagombania nini?"

Wiki hiyohiyo akaja Mama Furaha, Mrundi anayeshona nguo kwenye ghorofa ya tano ya jengo hilo. Binti yake alikuwa anaingia darasa la kwanza. "Papa Salim, shule inataka barua. Ijumaa wanafunga kuandikisha."

Ngazi zake nilizijua. Sufuria yake nilikuwa nimeifunua mara mbili. Lakini niliitazama ramani, nikamwelekeza kata ya jirani. Alhamisi akarudi.

"Wamesema mlango iko kwenu."

"Ramani inasema ni kwao, mama."

Aliutazama muhuri uliokuwa kando ya mkono wangu. "Basi mimi naishi wapi, papa? Kwenye robot?"

Robot ni zile taa za barabarani pale njia panda. Watu wa foleni walicheka. Nami nikacheka, na kicheko kile kinanisuta mpaka leo. Ijumaa ikapita. Furaha alipata nafasi katika shule ya mbali. Mtoto wa miaka sita, taksi mbili, yaani daladala za huku, kila asubuhi.

Nimemkasirikia yule kijana. Nimeukasirikia mstari, na sheria inayomhesabu mtu kwa kura yake wakati taka zake, maji yake na mtoto wake viko palepale. Diwani huwasemea wanaoishi katani, wote. Ninyi mtakaokaa kwenye ofisi hizo, na mnaweza kuzikaa vizuri kuliko mimi, shikeni hilo. Ila muhuri ulikuwa kando ya mkono wangu mimi. Nilikuwa nimebakiza mwaka mmoja nistaafu, nikauogopea mwaka huo kuliko nilivyomwogopea mtoto.

Siku ya kuniaga, Diwani alisema nimewatumikia vyema wapiga kura wetu. Akaniuliza ningependa nini.

"Twende jengo la kona, Mheshimiwa. Dakika kumi tu."

"Lifti ipo?"

"Ipo. Imekufa."

Alicheka, akatazama simu yake, keki ikakatwa.

Nikaenda peke yangu. Nilipumzika ghorofa ya pili, nikapumzika tena ya nne. Mama Furaha alifungua mlango akiwa na futi ya kupimia nguo shingoni, akanitazama nikihema. Nilimwambia nimekuja kuomba radhi, kwamba niliujua mlango wake na bado nikamfukuza.

Alienda jikoni, akasimama kando ya jiko.

"Uliza basi, papa. Jana nilipika nini?"

"Ulipika nini, mama?"

"Maharage."

Akafunua. Yalikuwa maharage.

"Eish," akasema, akirudisha kifuniko. "Umeona. Lakini Furaha bado anaamka saa kumi na moja."