Mpira wa Saa Kumi

Mume wangu alikuwa beki wa kati wa timu ya kiwanda cha kuchambua pamba, hapa Bariadi. Jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wafanyakazi, lakini sikuwahi kumwona na pamba hata kwenye nywele. Kazi yake ilikuwa kupiga kichwa. Mipira ya ngozi ya wakati ule ikilowa mvua ilikuwa mizito kama jiwe, naye aliifuata hukohuko juu. Mara mbili alizimia uwanjani. Wakammwagia maji, akaendelea kucheza, na mimi nikapiga vigelegele.

Kisha soko la pamba likafunguliwa. Wanunuzi binafsi wakajaa na mizani yao mpaka kijijini Kasoli, ushirika ukalegea, kiwanda kikapata mmiliki mwingine, timu ikafa. Zahanati ya kiwanda nayo ikafungwa. Ndipo maradhi yakaanza kujionyesha. Akitoka sokoni anapotea njia. Alimpiga kaka yangu kwa sababu tu alicheka. Jioni ananisalimia, "Mwangaluka, mayu," salamu ya asubuhi, tena kwa adabu ya kumsalimia mama wa watu. Nimemzalia watoto wanne huyo. Iliniuma, sisemi uongo.

Ndugu zake wakasema karogwa na wapinzani wa zamani. Tukaenda kwa mfumu, mganga wa kwao, akapasua kuku na kumsoma ndani. Akasema akili ya mume wangu imebaki uwanjani, tuiite kwa kitu ilichokipenda. Basi nikautafuta mpira wake wa zamani. Kila siku saa kumi alasiri nikasimama uani, namrushia, anapiga kichwa.

Na ikakubali, hiyo ndiyo shida. Akipiga wa tatu au wa nne macho yanafunguka, ananijua. "Mke wangu, rusha juu, acha uvivu." Namwambia nina mboga jikoni, asinisumbue, na moyoni nimefurahi kama msichana. Baada ya muda anapotea tena, nami nasubiri saa kumi ya kesho. Tulifanya hivyo miaka mitatu, hata siku za mvua.

Mtoto wetu mkubwa alipopata kazi Mwanza alitupeleka hospitali. Daktari akauliza mengi. Akasema ubongo umeumia kwa kugongwa kidogo kidogo, miaka mingi, na hana dawa ya kuurudisha, ila asigongwe tena kichwani.

"Hata kwa mpira?" nikauliza.

"Hasa mpira, mama."

Sikumwambia habari za uani. Watoto wangu pia hawajui ukweli wake mpaka leo, wanadhani ulikuwa mchezo wa wazee wawili.

Tuliporudi Bariadi niliuficha mpira chini ya magunia. Saa kumi ilipofika alitoka mwenyewe, akasimama mahali pake, shingo kaikaza, anatazama juu. Nikaenda kumshika mkono nimrudishe ndani. Akautoa taratibu, kwa heshima.

"Mayu," akasema, "hujamwona mke wangu? Huwa ananirushia saa hizi."

Nilimjibu kwamba kaenda Kasoli kwa ndugu zake, atarudi.

"Basi nitamsubiri," akasema. Alitoka kumsubiri kila alasiri kwa miaka miwili, mpaka alipofariki, na mimi nilikuwa nimekaa mlangoni hapohapo.