Namba ya Mwisho Kwenye Vali

Ilianza Jumamosi ya kwanza ya Februari 2005, saa mbili na dakika ishirini asubuhi, papa, baba yangu, alipogonga mlango wangu kwa kidole kimoja. Nilijua anataka nini. Boila, mtambo wa gesi unaopasha nyumba joto, ilikuwa imekufa tangu Alhamisi, na ilikaa ndani ya kabati katika chumba cha koko, mama mzazi wa mama yangu. Papa angeganda kwa baridi, lakini chumba cha kulala cha mama mkwe wake haingii. Bukavu tulikotoka hakuingia, na huku Nechells tulikohamia haingii.

"Maman," akaniita, ndivyo anavyoniita mimi binti yake akiwa na shida, "ingia kwa koko unisomee namba ya ile vali ya gesi."

Jana yake fundi wa gesi, Mkenya, alifunga gesi, akaweka kifuniko cha boila pembeni, akasema vali imekufa na kiwanda hakitengenezi tena za aina ile. Afadhali boila mpya. Akiwa mlangoni akakumbuka ghala la vipuri vya zamani, ng'ambo ya reli. Tukipata vali yenye namba ileile, atakuja saa tisa kuifunga. Mama naye alikuwa ameshazungumza na mjomba wa Coventry: jioni nyumba ikiwa bado baridi, anamchukua koko. Kifua chake kilikuwa kinakoroma.

Mimi sikutaka aende. Shuleni niliweza kumaliza siku nzima na maneno mawili tu, "Yes, Miss." Kwa koko niliongea mpaka akaniomba ninyamaze apumue.

Nilimkuta amekaa kitandani, kitenge kimeshuka kiunoni, anajipaka dawa ya kifua. Nikageukia ukuta.

"Unaogopa maziwa yaliyomkuza mama yako?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi.

Nikapiga magoti na tochi. Namba zilikuwa kwenye kibati kidogo, na ya mwisho imezibwa na uchafu mweusi. Tatu. Au nane.

"Chukua kitambaa upanguse," koko akasema nyuma yangu.

"Naiona, koko."

Sikuiona. Nilitaka kutoka tu. Nikaandika tatu.

Ghalani kulikuwa na foleni ya mafundi. Muuzaji, mzungu mzee mwenye miwani kichwani, alisoma karatasi yangu, akaleta vali mbili badala ya moja. Akaniuliza kama nina hakika ni tatu, maana kuna nane pia. Zinafanana, ila moja inatoa gesi kwa chini na nyingine kwa ubavuni. Wale mafundi wote wakanitazama. Masikio yangu yakawaka.

"Anasema nini?" papa akauliza. Kifaransa chake kingeweza kuhutubia bunge, ila Kiingereza chake kilikuwa kinaishia kwenye habari za mvua.

"Anasema ni hii."

"Mwambie Mungu ambariki. Mwambie mama mkwe wangu atamwombea."

Sikumwambia. Nikasema "thank you" kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia, tukatoka. Papa aliibeba vali ndani ya koti kama kifaranga, akipiga mluzi njia nzima.

Fundi alikuja saa tisa kamili. Hazikupita dakika kumi, akashuka nayo mkononi.

"Mzee, hii si yenyewe. Yenu mwisho ni nane, inatoa gesi kwa side. Hii inatoa chini."

"Ilazimishe kidogo, kaka."

"Gesi hailazimishwi, mzee. Unataka nilipue mtaa?"

Ghala lilikuwa limefungwa tangu saa saba, mpaka Jumatatu. Mama akatoka jikoni.

"Baba watoto! Umenunua bila kuuliza?"

"Nilitazama vibaya. Ni mimi."

"Ulitazama na nini? Macho uliyaacha Bukavu?"

Papa akainamisha kichwa. Koko alikuwa anashuka ngazi, kitenge juu ya koti. "Mwache mkwe wangu," akasema, "amehangaika tangu asubuhi." Kisha akanitazama mimi, kidogo tu. Alijua sikupangusa. Hapo ndipo nilipotakiwa kusema, na nilichosema ni, "Nikubebee mfuko, koko?"

Mjomba alifika saa kumi na moja. Koko alipona kule, asante Mungu. Lakini kule chumba chake hakina ngazi, na kanisa liko karibu, basi hakurudi tena kuishi kwetu. Siku hizi akija tunamwandalia kitanda kama mgeni. Mama anasema ilikuwa heri. Huenda. Mimi nikisikia hivyo huondoka sebuleni.

Asubuhi ya Jumapili ile, siku moja baada ya koko kuondoka, nilimkuta papa jikoni anakunywa chai na koti mwilini. Nikamwambia yote: namba niliyobahatisha, na swali la muuzaji ambalo sikumtafsiria. Akaweka kikombe chini.

"Ya namba nilijua," akasema. "Ya ghalani sikujua."

Akavaa kofia, akatangulia kanisani bila kutusubiri. Mimi nikapiga simu Coventry, nimwambie na koko. Mjomba akasema koko anaoga, nipige baadaye. Nikamwambia nitasubiri hapohapo kwenye simu.