Kutwanga Sombe kwa Nguo za Ndoa

Harufu ya siki hunirudisha Mapendo, mtaa wetu wa mpakani, kila mara. Wengine wakiinusa hukumbuka kachumbari. Mimi humkumbuka Mama. Alikuwa mpiga picha, na katika chumba chenye giza nyuma ya nyumba yetu ya mbao alitumia siki na maji kusafishia picha zake. Vidole vyake vilinuka siki hata siku ya Misa. Tukila foufou, ugali wetu wa muhogo, naye sahani moja tuliionja siki hiyo, na hatukulalamika, maana vidole hivyo ndivyo vilivyotulisha.

Ngoja nikueleze watu wetu walivyopigwa picha siku zile. Hakuna aliyekuja jinsi alivyo. Mtu alioga, akajipaka mafuta, akatoa sandukuni kitenge cha sherehe, akaazima viatu kama hakuwa navyo, ndipo akaja kusimama mbele ya pazia lililochorwa ndege na maporomoko ya maji. Alinyoosha shingo na hakucheka. Kumpiga mtu picha akiwa na jasho la kazi ilikuwa kama kumfungulia mlango akioga.

Kisha wakaja wakimbizi. Walivuka mpaka kutoka Rwanda, wengi mno, hata mawe meusi ya njia yetu hayakuonekana tena. Walilala barazani petu na chini ya madirisha yetu. Mama Kavira, jirani yetu mwenye asili ya Butembo, mwanamke mwenye sauti ya kuamsha majogoo, hakungoja msaada wa mtu. Alitoa sufuria yake kubwa ya karamu akapika uji njiani, mbele ya mlango wake. Akamwona mama mmoja amembeba mtoto mikononi, hana hata kitambaa cha kumfungia mgongoni. Mama Kavira akafungua kitenge alichojifunga kiunoni, akakipasua katikati, akampa nusu. Nusu iliyobaki alijifunga mwenyewe, nyuzi zikining'inia, akarudi kukoroga uji. Nilikuwa hapo, na sauti ya kile kitambaa kikipasuka naisikia hata leo.

Wazungu wenye kamera walikuja pia. Walipiga picha mfululizo, hawakumwomba mtu ruhusa, hawakuuliza jina. Macho hayana pazia, tukasema, tukawaacha.

Muda mrefu baadaye, kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa mlinzi kwenye ofisi za wageni kule Himbi alileta gazeti lenye karatasi zinazong'aa. Ndani yake alikuwemo Mama Kavira, ameinamia sufuria, kitenge kimechanika, mkono mmoja ameunyoosha mbele. Chini kulikuwa na maneno ya Kifaransa. Binti yake akayasoma kwa sauti: mkimbizi akingoja chakula.

"Miye mukimbizi?" Mama Kavira aliuliza. "Miye? Mu njia yangu? Sufuria ni yangu, bunga ni yangu, kuni ni yangu! Niko nangoja chakula ya nani?"

Tulicheka, maana hasira zake zilikuwa burudani ya mtaa. Kisha akaketi kwenye jiwe akalia, na kicheko kikatukauka. Sikuwahi kumwona akilia, hata alipomzika mumewe. "Wajukuu yangu bataona hii," alisema. "Batasema koko yao alikuwa naomba-omba."

Jioni ile alikuja kwetu, akamwambia Mama: "Mama Furaha, piga foto ya njia yetu. Yote. Kazi yetu, vile tunaishi. Nataka ile ya kwetu, tumejipiga sisi benyewe."

Halikuwa ombi dogo. Vita vingine vilikuwa vimekwisha kuingia mjini, na askari waliotutawala hawakutaka mtu apige picha za njia. Walisema ni upelelezi. Lakini Mama alikuwa ameliangalia lile gazeti kwa muda mrefu, na alipolifunga nilijua ameshakubali. Akatangaza: Jumamosi asubuhi, kila mtu mbele ya mlango wake, akifanya kazi yake ya kila siku.

Jumamosi ikafika. Mama Kavira alitoka na kinu chake cha sombe, yaani kisamvu, amevaa kitenge cha ndoa, kilemba kimesimama wima na hereni zimening'inia. Muuza sambaza alipanga samaki wake amevaa suti ya ubatizo wa mwanawe. Papa Muhindo alisukuma chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya kubebea mizigo, iliyojaa magunia ya makala, makaa yetu ya kupikia, naye amevaa koti la kuazima lililompwaya. Wahenga walisema nguo ya kuazima haisitiri matako. Hili lilisitiri mpaka magoti. Nami niliteka maji kwa bidoni, dumu langu la plastiki, nikiwa na gauni langu jeupe la komunyo.

Mama alishika kichwa. "Nilisema kazi! Sikusema ndoa!"

"Kazi njo hii," Mama Kavira akamjibu, akainua mchi. "Mara moja balinipiga foto na matambara yangu. Haitarudia."

Mama alipiga picha huku akinung'unika. Alikuwa hajamaliza pale askari mmoja alipotokea.

"Muko nafanya nini hapa?"

"Tuko natwanga sombe," Mama Kavira alisema.

Askari alitazama hereni, akatazama kinu, akaona anadhihakiwa. Alimpokonya Mama kamera, akaifungua mgongo, akaivuta filamu yote nje kwenye jua, akaitupa juu ya mawe. Kamera akamrudishia. Alipogeuka kwenda, Mama aliokota ule utepe ulioharibika akaukunja taratibu. Nilitaka kumrushia yule mtu bidoni langu. Bado nataka.

Hapo Mama Kavira akasema, kwa sauti ile ya majogoo, ili mgongo uliokuwa ukienda zake usikie: "Jumamosi ingine iko!"

Papa Muhindo akauliza kwa huzuni kama mwenye koti atakubali kuliazimisha tena.

Alikubali. Jumamosi iliyofuata tulivaa vilevile, kitu kwa kitu. Gari la askari lilipoingia mwanzo wa njia, chukudu ya Papa Muhindo ilipinduka katikati. Makala yalimwagika yote. Askari walipiga honi, naye akayaokota moja moja, akiomba radhi kwa kila kipande. Ndiyo maana katika picha anaonekana mbali nyuma, ameinama, koti la watu jeusi kwa vumbi. Mbele, sisi wengine tunafanya kazi, na Mama anapiga. Safari hii hakunung'unika.

Askari walipofika, waliifungua kamera wakaikuta tupu. Filamu ilikuwa ndani ya kikopo chake, na kikopo kilikuwa ndani ya kinu, chini ya majani. Mama Kavira aliendelea kutwanga mbele yao. Sijaona tena maishani mwangu sombe ikitwangwa kwa upole namna ile.

Baadaye moto wa volkeno ulishuka mjini ukaufunika mtaa wetu. Mama alikimbia na sanduku la picha kichwani; vyombo vyote alivisahau. Leo watu wamejenga upya juu ya mwamba uliobaki ulipopoa, na njia ya kinu na chukudu iko chini ya miguu yao.

Utotoni niliamini Mama Kavira aliharibu picha yetu ya Jumamosi ile. Nani hutwanga sombe kwa kitenge cha ndoa? Niliona picha ya gazeti ina ukweli zaidi: sufuria ilikuwa ile, kitenge kilikuwa kimechanika kweli. Ilinibidi niwe mtu mzima, vita virudi tena na kamera zirudi navyo, ndipo nielewe. Ile kamera iliona kitenge kilichopasuka. Haikuona nani alikipasua, wala nusu nyingine ilikwenda mgongoni kwa nani. Mama Kavira alijua kwamba akitoka na nguo za kazi wageni watamsoma vilevile, basi akachagua mwenyewe atakavyosomwa.

Picha yetu iko ukutani kwangu. Nimo, na gauni la komunyo na bidoni, nimekunja uso. Wageni huisogelea, hutabasamu, huniuliza hii ilikuwa ndoa ya nani.

Huwa nawajibu kwamba hapakuwa na ndoa. Ilikuwa Jumamosi, na tulikuwa kwetu.