Bastola ya Baba Juu ya Ungo

Saa tatu asubuhi, na joto la Kyela limeshagandisha mashati migongoni mwa watu. Katika chumba cha nyuma cha kituo cha polisi, Lusungu Andongwisye anaweka ungo juu ya meza, anautandika kitambaa cheupe, anavaa miwani. Katikati ya ungo anaweka bastola.

"Mdomo uelekee kwenye ndoo ya mchanga, mama," anasema Sajenti Hezroni, mtunza silaha wa kituo.

"Najua, afande. Nilijua kabla hujazaliwa."

Sajenti anacheka kidogo, lakini hasogei. Magazini, kile kisanduku cha risasi, ameshaichomoa mwenyewe na haina kitu. Shida ni sehemu ya juu, ile inayorudi nyuma. Imeganda, haiendi mbele wala nyuma, na hakuna ajuaye kama kuna risasi ndani.

Lusungu, miaka 58, ni fundi wa kutengeneza cherehani na pampu za kupulizia dawa kwenye kakao. Banda lake liko mjini, ubavuni mwa duka la vipuri la Muksini. Siku njema huondoka na shilingi elfu kumi na tano. Mvua ikifunga barabara za Ikolo na Bujonde, wateja hawaji, na hapo hata elfu tatu humtoa jasho. Kwa kazi hiyo amesomesha watoto watatu.

"Watu huniuliza nimesomea chuo gani," anasema. "Chuo changu ni hii hapa."

Baba yake, marehemu Andongwisye, alikuwa mtunza fedha wa chama cha ushirika. Msimu wa mpunga alikuwa akitoka mjini kwa baiskeli hadi kijijini kwao Mwaya na malipo ya wakulima ndani ya mkoba wa turubai, na bastola kiunoni. Ilikuwa ya zamani hata wakati ule, aliikuta ofisini, na kibali chake kilikuwa na mihuri yote. Mwaya nzima iliijua. Watoto waliiogopa, na wezi nao waliiogopa, maana hakuwahi kuguswa njiani hata mara moja.

Jumapili baada ya ibada, Lusungu akiwa na miaka tisa, baba alikuwa akiteremsha ungo wa mama kutoka ukutani na kuifungua bastola kipande kwa kipande. Wali wa Kyela ukinukia jikoni, yeye na binti yake walikaa kwenye mkeka wakipanga vyuma.

"Tata, baba yangu, alikuwa akisema, kilichotoka kwanza kitarudi mwisho. Usikariri jina, kariri kazi yake. Hii springi inasukuma nini? Hiki kibonyezo kinazuia nini? Nikikosea, hanipigi, anavunjavunja tena tunaanza upya. Jamani, zile Jumapili! Ningepewa moja tu, ningetoa cherehani zote za bandani."

Lakini dunia ina macho. Jirani mmoja alichungulia, akaona mtoto wa kike ameshika bastola, akapeleka maneno kanisani. Wazee wa kanisa lao la kijijini wakamwita Andongwisye, ambaye naye alikuwa mzee mwenzao. Mzee Eliud, kijana kuliko wote katika baraza hilo, ndiye aliyeuliza: ina risasi au haina? Baba hakujibu. Akaulizwa mara tatu, akanyamaza mara tatu.

Wakamvua uzee wa kanisa mwaka 1978. Alikaa kiti cha nyuma hadi alipofariki mwaka 1999, na hakurudishiwa. Mpaka leo, ukipita Mwaya ukitaja jina hilo, atapatikana mtu wa kukwambia: yule aliyemchezesha mwanawe na kifo.

"Nimeishi na neno hilo miaka yote," Lusungu anasema. "Nampenda baba yangu. Lakini usiku mwingine nilijiuliza, hivi kweli aliniwekea risasi mbele ya uso?"

Mama yake alipofariki mwaka juzi, bastola ilionekana ndani ya sanduku la bati, chini ya kanga. Kibali kilikuwa kimekufa pamoja na mwenyewe. Polisi walipotangaza watu wasalimishe silaha za zamani, Lusungu aliipeleka siku ya pili tu. Aliomba jambo moja: kabla haijapelekwa kukatwakatwa, ifunguliwe ajue ilikuwa na nini.

Sajenti alijaribu, akashindwa. "Mimi nimefundishwa za kisasa. Hii sijawahi kuiona hata kwenye kitabu," anakiri bila haya. Gari la kuchukua silaha linakuja kesho Ijumaa. Ndipo akamwita Lusungu mwenyewe, fundi wa cherehani.

Kilichoigandisha, Lusungu alikijua kwa harufu. Baba hakuwa na mafuta ya mashine. Akiwa mtu wa Kyela, alipaka kilichokuwepo nyumbani, yaani mawese. Kila Jumapili mawese, miaka nenda miaka rudi, hadi yakawa gundi.

Siku tatu bastola imelala ndani ya mafuta ya taa aliyoyatoa Muksini, pamoja na utani wake. "Dada Lusungu, wakikuweka ndani, cherehani ya mke wangu nani ataimaliza?"

Sasa anabonyeza, anavuta taratibu, anapumzika, anavuta tena. Chuma kinalia. Mara sehemu ya juu inateleza nyuma, na Sajenti anainama na tochi.

"Tupu," anasema. "Hamna risasi."

Lusungu anashusha pumzi, lakini haridhiki. Tupu leo si tupu ya mwaka 1978. Anaendelea: springi, bomba, vibonyezo, kila kimoja mahali pake kwenye ungo. Anafika kwenye tundu la pini, kile kijichuma kinachogonga kitako cha risasi. Baba hakuwahi kumfungulia hapo. Anachokonoa kwa sindano ya cherehani, na kinachotoka si chuma.

Ni kijiti cha mwanzi, kimechongwa laini, chekundu kwa mawese.

Lusungu anakaa. Machozi yanatangulia maneno.

"Nilimwona akikichonga," anasema. "Jumamosi, mlangoni, kwa wembe. Kesho yake ndiyo akanifundisha mara ya kwanza. Nilimwomba anipe, nikidhani ni filimbi. Akasema, hii haitoi sauti, mwanangu."

Sajenti anakigeuza kijiti kwenye mwanga. "Mwanzi haulipui risasi, mama. Bastola hii isingeua hata kuku."

"Kumbe tata alibeba pesa za watu mikono mitupu!"

Na hapo ukimya wa baba unaeleweka. Angewajibu wazee kwamba haina risasi au haiwezi kufyatua, kabla jua halijazama Mwaya nzima ingejua kwamba bastola ya mtunza fedha ni pambo, na msimu ule ule wezi wangemvizia njiani. Akachagua kuvuliwa uzee. Waswahili walisema siri ya mtungi aijuaye ni kata, lakini kata hii ilikunywa aibu miaka ishirini na moja bila kumwaga neno.

Lusungu anairudisha bastola kipande kwa kipande, bila kuombwa, kisha anatia saini kwenye fomu ya kusalimisha silaha. Anaomba abaki na kijiti.

Sajenti anakuna kichwa. "Fomu inataja silaha na risasi. Mwanzi sijauona popote."

"Ndaga fijo, afande," anamshukuru kwa Kinyakyusa.

Jumapili hii Lusungu atapanda gari kwenda Mwaya. Wa baraza lile amebaki Mzee Eliud peke yake, ana miaka tisini na hasikii vizuri. Anataka amwombe, mbele ya waumini, jina la Andongwisye lirudishwe kwenye orodha ya wazee wa kanisa.

"Sitapiga kelele sikioni mwake," anasema, akikifunga kijiti kwenye pindo la kitenge. "Nitamwekea mkononi, nimwache akipapase. Aliuliza mara tatu. Ana haki ya kujibiwa."