Uvumi wa Farasi

Kabla Stanislaus Ndihokubwayo hajafungua mlango wa chumba chake cha gemu pale Kibondo mjini, watu wanne walikuwa wameshamuuliza swali lile lile. Wa kwanza muuza vitumbua, wa pili fundi cherehani, wa tatu mwalimu mstaafu ambaye tangu azaliwe hajagusa gemu, na wa nne, ambaye kwa hesabu ya saa ndiye aliyewatangulia wote, ni mkewe Immakulata, aliyemuuliza mswaki ukiwa bado mdomoni.

"Baba Divine, eti ni kweli wameachana?"

Wanaosemwa kuachana hawakuwa mke na mume. Ilikuwa ni kampuni moja ya ng'ambo inayotengeneza gemu ambalo Kibondo nzima inaliita Farasi, kwa sababu wapiganaji wake wanapanda farasi. Kwa miaka yote Farasi lilichezeka kwenye mashine ya aina moja tu, kwa mkataba kati ya kampuni hiyo na watengenezaji wa mashine hiyo. Stanislaus alikuwa na mashine ya aina hiyo, na ndiyo iliyomlisha. Sasa tangu Jumapili simu za watu zilijaa habari kwamba kampuni imechoka na mkataba, inataka kuliachia Farasi liende kwenye mashine zote, hata kwenye simu. Likienda kwenye simu, nani atanyonga baiskeli kutoka Kumsenga kuja kulipia kitu kilichomo mfukoni mwake?

Hilo lilimtisha, hakuna ubishi. Lakini kilichomtia hasira ni kuulizwa kana kwamba kikao kilifanyika sebuleni kwake na yeye ndiye aliyechemsha chai.

Stanislaus hakuzaliwa na gemu. Wazazi wake walivuka kutoka Burundi na watoto mgongoni, wakalima, wakawa raia, wakazikwa huku huku. Yeye naye alilima maharage Kitahana mpaka mgongo ukagoma. Aliyemwokoa ni Nurudini, mwenye duka la televisheni na redio Kasulu. Baba yake Nurudini alikuja na biashara kutoka pwani, lakini mama ni Muha wa Busunzu, na mambo ya kupeana ng'ombe, kugabira kama wanavyosema wenyewe, aliyanyonya kwake. Ukipewa ng'ombe unamchunga, unakunywa maziwa, na ndama wa kwanza unampeleka kwa aliyekupa. Hapo ndipo ng'ombe mwenyewe anakuwa wako. Kabla ya hapo huendi kuomba ng'ombe zizi jingine.

Nurudini alimpa Stanislaus mashine kwa utaratibu huo huo. "Ichunge," alimwambia. "Ikikuzalia ya pili, niletee hiyo ya pili. Hii itakuwa yako. Na mpaka siku hiyo, vifaa unanunua kwangu tu." Hawakuandikiana chochote, walishikana mikono mbele ya mjomba wake Nurudini, ikatosha.

Sasa turudi kwenye wiki ile ya balaa. Jumatano, Venanti, dereva wa bodaboda ambaye hucheza Farasi kuliko anavyobeba abiria, aliingia na simu mkononi akitangaza kwamba kampuni imejibu. Watu wakamzunguka. Venanti akasoma: kampuni haizungumzii uvumi.

"Endelea," alisema Stanislaus.

"Ndiyo imeishia hapo, mzee."

Stanislaus alitupa kitambaa cha kufutia vumbi. "Mtu mzima anaulizwa kama ameacha mke wake, anajibu eti hazungumzii uvumi. Huyo ameshaacha! Angekuwa hajaacha angesema hapana, neno moja tu, lingemuua? Wamekunywa maziwa ya wenzao miaka yote, leo ndama kanenepa wanamficha."

Sylvesta, kondakta wa basi la Kasulu, alikuwa mlangoni akisubiri abiria. Naye, kana kwamba hakuyasikia yote yale, akauliza, "Kwa hiyo Mzee Stani, wameachana kweli?"

Hapo subira ilimwisha. Stanislaus akasema kwamba Farasi likihamia kwa kila mtu, basi na yeye atahamia kwa kila mtu, atanunua mashine yoyote, kwa yeyote, hata Kahama. Alisema kwa hasira tu, kama mtu anavyosema atahama nyumba kwa sababu chumvi imezidi kwenye mboga.

Sylvesta aliyapakia maneno hayo pamoja na mizigo mingine. Huenda walipofika Makere kile kipande cha Farasi kuhama kilikuwa kimeshaanguka barabarani. Kilichoshuka Kasulu ni kwamba Stani wa Kibondo amemtupa Nurudini na ananunulia Kahama.

Ijumaa baada ya swala, simu ikalia. Stanislaus alikuwa ametoka kumjibu mtu wa tisa siku hiyo.

"Stani ndugu yangu," alisema Nurudini taratibu, "nasikia unanunua kwingine. Ni kweli?"

Laiti angeuliza kwa maneno mengine yoyote. Lile "ni kweli" lilimpanda Stanislaus kichwani, na kabla hajajizuia akajibu, "Nurudini, mimi sizungumzii uvumi." Akakata. Hata akacheka, akajiona kajibu kama mkurugenzi.

Immakulata, aliyekuwa anachambua mchele pembeni, hakucheka. "Umemjibu nini?"

Akarudia.

"Jumatano si wewe uliyesema anayejibu hivyo ameshaacha?"

Stanislaus alipiga simu ya Nurudini mara sita, na haikupokelewa hata mara moja.

Jumamosi asubuhi Nurudini alitokea mwenyewe, kanzu imekunjika kwa safari, na nyuma yake mjomba wake kutoka Busunzu na fimbo yake. Stanislaus alipomwona yule mjomba alijua kilichowaleta. Mtu akija kuchukua ng'ombe wake haji peke yake, anakuja na shahidi aliyekuwepo siku ya kumtoa.

"Mwakeye," alisalimia mjomba kwa Kiha. Wakaitikiana, wakaulizana hali za nyumbani mpaka zikaisha. Kisha wageni wakaketi kwenye benchi la wateja.

Stanislaus alikuwa amejiandaa usiku kucha. Alikuwa na maneno juu ya Sylvesta, na maneno juu ya habari zinazodondoka vipande njiani, na maneno makali zaidi juu ya watu wanaoamini chochote kinachoshuka kwenye basi. Akafungua mdomo kuanza.

Nurudini hakuwa anamtazama. Alikuwa anatazama kona ya chumba, ambako Venanti alikuwa amekazana na Farasi kwenye televisheni ya pili.

"Na hii?" aliuliza.

"Hii mashine?"

"Hii mashine."

"Nilinunua kwa mfanyakazi mmoja wa shirika kwenye kambi ya wakimbizi. Alikuwa anahama."

"Lini?"

"Mwezi wa pili."

"Na huu ni wa nane," alisema mjomba, si kwa ukali, kama mtu anayesaidia kukumbuka.

Stanislaus aliona aibu, aibu ya kweli ile inayochoma masikio. Mwezi wa pili alijiambia ataipeleka baada ya Pasaka. Pasaka ikapita, akasema baada ya mavuno. Mashine mbili zilikuwa zinaleta wateja vizuri, na kila mwezi ulikuwa na sababu yake nzuri. Wiki nzima alikuwa anaitukana kampuni ya ng'ambo kwa kuficha ndama, na wa kwake alikuwa hapo kwenye kona, anakula umeme. Tena alitoka zizi jingine.

"Kwa hiyo yaliyosemwa ni kweli," alisema mjomba.

"Kahama si kweli," alisema Stanislaus. Kisha akasema, "Mengine ni kweli."

Akaenda kwenye kona akachomoa waya. Venanti alilalamika kwamba amebakiza pigo moja ashinde, Stanislaus akamwambia afunge mdomo. Akaifunga mashine kwenye kitenge cha Immakulata, akaja nayo kwa mikono miwili mbele ya Nurudini.

Nurudini hakunyoosha mkono. "Ndama hafuatwi, Stani. Ndama analetwa." Akainuka na mjomba wake, wakaenda kuwahi basi.

Jumatatu Stanislaus alikuwa kwenye kiti cha mbele cha basi la Kasulu, kitenge mapajani. Sylvesta alipofika kwake na tiketi, macho yalimtoka.

"Mzee Stani, nasikia Nurudini amekunyang'anya mashine. Ni kweli?"

Stanislaus alivuta pumzi mpaka mwisho. "Sikiliza, na usipunguze hata neno. Nampelekea mtu haki yake niliyoichelewesha miezi sita. Kosa ni langu."

"Basi?"

"Basi."

Sylvesta alionekana kusikitika. Habari ya namna ile haikuwa na pa kuishika, akaiacha hapo hapo akaenda kwa abiria wa nyuma.

Kasulu, Nurudini alipokea kitenge kwa mikono miwili, akamwita mkewe Shadia aone, akaagiza chai. Akatamka mbele ya wateja wote waliokuwepo kwamba ile ya kwanza sasa ni ya Stanislaus, na kuanzia leo ana ruhusa ya kununua anakotaka. Stanislaus akasema basi anataka nyingine, na anaitaka hapa hapa. Walishikana mikono, na Stanislaus akahisi kifua kimefunguka kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

Chai ilipofika Nurudini alisogeza kiti karibu, akashusha sauti.

"Sasa Stani, niambie wewe unayekaa na mambo haya. Hawa jamaa wa Farasi, eti ni kweli wameachana?"

Stanislaus aliweka kikombe chini.

"Nurudini," alisema, "nirudishie ndama wangu."