Nyumba Yenye Baraza

Alkhamisi iliyopita nilipelekwa Shati Kurum, hapa hapa Maskati, mwenzangu, na tangu nirudi nimekaa tu. Si mgonjwa. Mjukuu wa ami yangu kaposwa, na watu wa upande wa mume wanakaa huko, mtaa wa karibu na bahari, basi ikabidi mtu mzima mmoja afuatane na vijana. Na watu wazima katika ukoo wetu nimebaki mie. Tukafika kabla ya wakati. Wenzangu wakabaki garini na kiyoyozi chao, mie magoti yananiuma nikikaa sana, nikateremka kujinyoosha.

Shati Kurum unaijua. Majumba meupe, kuta ndefu, kengele ya getini ina jicho. Unaanza kuusemesha ukuta, ndiyo ufunguliwe. Mabalozi wanakaa hapo, na wakubwa wa serikali, na watu wa biashara wenye magari yasiyotoa hata sauti. Jioni watoto wao wanakimbia ufukweni na nyaya masikioni, kisha wanakwenda kunywa kahawa ya kwenye kikombe cha karatasi kwa bei ya samaki mzima. Sisemi kwa kijicho. Nyumba yangu ya Mabela inanitosha, na jirani yangu akipika harisi sahani yangu haisahau.

Basi nikatazama juu ya mapaa, nikakiona kilima. Cheusi, kichwa kimekatika upande mmoja. Hapo nikajua nimesimama wapi: pale pale tulipokaa utotoni mwangu. Nikangoja moyo unishtuke, lakini haukushtuka.

Pale palikuwa pananuka, mwenzangu. Anza na hilo, ukitaka kuijua Shati Kurum. Ufukwe wote ule ulikuwa wa kuanikia dagaa, wametandazwa mchangani mpaka macho yanaumia kwa kung'aa, na kazi yetu watoto ilikuwa kuwafukuza mbuzi. Ng'ombe wenyewe walilishwa dagaa, na maziwa yakawa na ladha ya dagaa, na chai ya maziwa ikawa hivyo hivyo. Bibi yangu siku ya kwanza aliionja, akaiweka chini, akasema, "Haya, tumefika." Wala hakuisema tena habari hiyo. Aliinywa kila siku.

Nyumba zilikuwa za makuti ya mtende, paa na kuta. Ukilala unaiona nyota kwenye tundu. Maji matamu yalikuwa kisima cha huko juu kwenye mashamba, na mie na bibi tukenda alfajiri, yeye na mtungi wake, mie na debe dogo. Kina mama wa pale walioka mkate mwembamba, ukiuinua unamwona mtu wa upande wa pili. Bibi alipika mandazi. Nazi ikipatikana sokoni Matraha, ami akaja nayo kaikumbatia, na siku hiyo wali wetu ulinukia mpaka kwa jirani, naye akatuma mtoto na bakuli tupu bila kusema kitu.

Tulikuwa watatu: bibi, ami na mie. Mama yangu alikufa nikiwa mchanga, sina sura yake. Baba alibaki Unguja. Nnasema alibaki, ndivyo tulivyokuwa tukisema. Wiki ile ya Januari, ya mapinduzi, alitoka nyumbani asubuhi kwenda kumtazama mgonjwa mtaa wa Ng'ambo, hakurudi, na tulipopata nafasi melini ami alitutia chomboni kwa nguvu. Bibi alikuwa kashika nguzo ya mlango. Ami alimwambia, "Mama, yeye mwanamume, atakuja nyuma yetu." Bibi akaachia nguzo kwa neno hilo. Nilikuwa na miaka sita, na nnaikumbuka mikono yake ilivyokuwa inaachia.

Sasa, tulipofika Kurum kwa jamaa wa mbali aliyetupa kiwanja cha kusimamisha kibanda, bibi aliingiwa na wasiwasi mmoja tu. Nyumba zote za pale zilikuwa sawa. Makuti, makuti, makuti. Mwanawe akija atajuaje ipi ya kwetu? Basi akaamua kujenga baraza. Kwetu Unguja nyumba isiyo na baraza haijesha, mtu anakaa wapi? Na kila aliyesikia anakwenda Mombasa alimkamata kwa nguo: "Ukimwona mwanangu, au ukimwona anayemjua, mwambie sisi tuko Kurum, nyumba yenye baraza. Iko moja tu, hana haja ya kuuliza."

Walijenga wenyewe, yeye na ami, Ijumaa moja baada ya sala. Mawe waliyachota chini ya kilima, na jirani mvuvi akawapa saruji ya kwao, ile ya udongo wa kuchoma. Kwa desturi baraza huegemea ukuta, lakini ukuta wa makuti ungeegemewa na nini? Wakaliacha mbali kidogo na nyumba, limesimama peke yake. Refu, jembamba, limefika magotini. Mlango wetu ulitazama mashariki, kwa hivyo baraza likalala kaskazini kwa kusini. Bibi alilipaka chokaa, akalikalia, akanikalisha ubavuni. Alisema, "Hapa hapotei." Siku ile alikuwa na furaha, nnakwambia kweli.

Kesho yake wakaja kina mama wa mtaa, wametanguliwa na jirani yetu, mke wa yule mvuvi. Wamekuja na kahawa na tende, wamejifunika vizuri, wanasema taratibu. Bibi akafurahi kupata wageni. Akawaletea mandazi, akawachekesha kwa Kiarabu chake kibovu. Wale wanamtazama, wanatazamana. Mmoja akajifuta macho. Jirani akamshika bibi mkono akamwambia, "Mungu kakupa subira, dada yangu. Mtoto au mtu mzima?"

Bibi akauliza, "Nani?"

Jirani akaonyesha baraza kwa kidevu.

Waliona jengo la mawe, refu kama mtu, limekingama kibla kama maiti anavyolazwa, mbele ya nyumba ya wageni waliokuja na nguo zilizo mwilini. Walidhani huko kwetu ndivyo tunavyozika. Bibi alipofahamu alisimama, akasema si kaburi, ni pa kukaa, akakaa ili waone, akanyanyuka, akakaa tena. Wakaitikia kwa adabu. Mandazi hawakuyamaliza. Walipoondoka bibi alisema, "Washanitilia mkosi mlangoni," akakoroga chokaa akalipaka upya.

Ami alicheka sana usiku ule. Baadaye halikuwa jambo la kucheka.

Maana enzi hizo kujenga kwa mawe kulitaka ruhusa, hata banda la kuku, na sisi wenyewe kukaa kwetu kulikuwa kwa kuvumiliwa. Watu wengine kutoka Unguja hawakuruhusiwa hata kuteremka. Asubuhi moja akaja askari wa liwali juu ya punda, na bunduki yake na fimbo yake. Ami alikuwa kazini, kule Saih al-Malih walikokuwa wakijenga kambi ya watu wa mafuta. Tulikuwa mie na bibi tu, tunapembua mchele. Askari akaligonga baraza kwa fimbo, akauliza, "Nani kajenga mawe hapa? Kwa ruhusa ya nani?"

Bibi akaendelea kupembua. Jirani akatoka mlangoni kwake, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Kaburi hilo, baba."

Kaburi halitaki ruhusa. Askari akaiondoa fimbo. Akamtazama bibi, akamuuliza kwa upole, "La nani, mama?"

Nilimwona bibi anamtazama jirani, kisha mie, kisha nyumba. Angesema ni baraza, tungefukuzwa, na mwanawe akija asingetukuta. Mchele ulikuwa unamwagika kutoka kwenye ungo, hakuuona.

"La mwanangu," alisema.

Askari akaiegemeza bunduki, akainua mikono. Jirani akainua. Mie nikainua kwa sababu wakubwa wameinua. Bibi akawa wa mwisho. Walimsomea baba yangu Fatiha pale, na mie nnajua kuwa ni baba, maana bibi hakuwa na mtoto mwingine wa kiume ila ami, na ami asubuhi ile nilimwona anakula.

Askari alipokwisha kwenda, bibi alikwenda kwenye mtungi akasukutua mdomo. Akasukutua tena na tena, kama mtoto aliyeonja sabuni. Ami aliporudi, bibi akamwambia, "Nimemzika kwa ulimi wangu." Ami akamwambia hayo ni maneno tu. Bibi akasema, "Mie mama yake. Maneno yangu si maneno tu."

Tangu siku hiyo hakulikalia baraza lile. Wala sie hatukulikalia. Kina mama wakipita walikuwa wakitoa salamu ya watu wa makaburini, sauti ndogo, na wavuvi wakazoea kuzungusha nyavu zao upande wa pili. Bibi aliendelea kulipaka chokaa kila ikikaribia Idi, huku kageuza uso. Akaendelea kuwakamata watu wanaokwenda Mombasa. Maneno ni yale yale, nyumba yenye baraza. Nilikua nikiyasikia mpaka nikawa siyasikii. Watoto wenzangu waliniuliza baba yako yuko wapi, nikawaonyesha mlangoni, kwa kuwa ndiyo rahisi.

Kisha ukaja mwaka sabini, mambo yakabadilika nchini, watu wetu wakaanza kuruhusiwa. Kila wiki unasikia fulani kaja. Bibi akaanza kufagia uwanja mara mbili kwa siku.

Ilikuwa alasiri. Yeye anakanda unga ndani, mie nnachambua samaki kizingitini mwa jikoni, nyuma. Tukasikia mtu anashusha mzigo mbele ya nyumba. Akakaa. Tulimsikia anakaa, ile pumzi ya mtu aliyechoka anapojitupa kwenye baraza. Akakohoa. Akasema, "Hodi wenyewe."

Kwa miaka yote ile hakuna aliyetupigia hodi pale. Bibi aliinuka na unga mikononi. Akaita jina la baba yangu, mara moja, akatoka.

Alikuwa mtu mwingine. Mwembamba, mvi zimemtoka mapema, kakaa juu ya baraza letu bila wasiwasi, mguu mmoja kaukunja, kama anavyokaa kila mtu wa kwetu. Akasimama kwa heshima. Akasema, "Shikamoo, mama. Salamu zako zilinikuta Mombasa. Nimeuliza nyumba yenye baraza, hakuna anayeijua. Nikauliza nyumba ya watu wa Zinjibari, wakanambia ile yenye kaburi mlangoni. Nimefika nikaona baraza, nikajua ndiyo."

Bibi akamwambia, "Karibu. Umemwona mwanangu?"

Yule mtu akatazama chini. Alisema walishikwa pamoja. Alisema yeye alitoka, baba hakutoka. Alizikwa na wengi, mahali hawakuonyeshwa.

Bibi aliuliza neno moja. "Lini?"

"Wiki ile ile, mama. Ya Januari."

Unga ulikuwa unamkauka vidoleni. Akahesabu kitu kichwani, midomo inakwenda. Kabla ya meli. Kabla ya mawe, kabla ya askari na punda wake.

"Kumbe si mimi," alisema.

Akakaa. Akakaa pale pale kwenye baraza, ubavuni mwa mgeni, na akanambia mie nilete chai. Nikaleta. Hakulia, na mie sikulia, nilikuwa nnatazama kama vikombe vimejaa sawa. Mpaka leo ukiniuliza nilihisi nini siku niliyoambiwa baba yangu kafa, nitakwambia harufu ya samaki mikononi. Bibi alikaa hapo kila alasiri mpaka alipokufa mwenyewe, na kina mama wa mtaa walishangaa mwaka mzima, kisha wakaja wakakaa naye.

Baadaye ami alipata nyumba Wadi Kabir, tukahama. Makuti yalioza. Tulisikia Kurum inapimwa, inagaiwa, inakuwa mji wa wakubwa. Hatukwenda kutazama. Kulikuwa na shule, kazi, ndoa, mambo ya watu.

Basi Alkhamisi nilikifuata kilima kile, njia chache tu kutoka garini. Ukuta wa jumba moja kubwa, la marumaru, unakuja umenyooka, kisha ghafla unapinda kwa ndani, unazunguka kitu, unarudi kwenye mstari wake. Ndani ya pindo hilo lipo. Limefika magotini, limepakwa chokaa. Mtu anaendelea kulipaka. Dagaa hakuna, kisima hakuna, ile hodi hata mie mwenyewe siku hizi nnapiga simu kwanza. Hilo lipo.

Magoti yalikuwa yananiuma. Nikasogea nikae.

"Shikamoo, mama." Msichana wa kazi alikuwa anamwagilia maua, mpira wa maji mkononi, Kiswahili chake cha bara. Kumbe kwa leso yangu kajua nnasema Kiswahili. "Samahani, usikae hapo. Hilo ni kaburi."

"Marahaba. La nani?"

"Hawajui. Bosi anasema walilikuta. Mwenye tingatinga alikataa kulivunja, ndiyo wakapindisha ukuta. Mimi ndiye nalipaka rangi."

Nilikuwa na maneno ya kumweleza, na yote ya kweli. Vijana walishaanza kupiga honi.

"La baba yangu," nikamwambia.

Akafunga maji, akajifuta kwenye kanga yake, akainua mikono kwa Fatiha. Na mie nikainua yangu.